Kipimo cha Leo kwa Vita vya Jana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Moshi. Yatolewa hapa kwa ombi la wenzetu wasioweza kuhudhuria.)



Jambo tulilolichagua si jepesi, wala hatukulichagua kwa kutaka kumpendeza mtu. Lilizaliwa na ugomvi. Wengi wenu mwakumbuka ya kwamba katika mkutano uliopita, shughuli zilipokwisha na chai ikaletwa, wenzetu wawili walianza kutaniana, mmoja mtu wa Moshi ya Kale na mmoja mtu wa Marangu, na mazungumzo yao yakaangukia habari za Mangi Meli na Mangi Marealle. Utani ukawa ubishi, ubishi ukawa matusi ya ukoo, na watu walioketi meza moja kwa miaka sita wakaondoka bila kuagana. Mpaka leo hawasemezani ila kwa barua za kazi.

Mmoja alisema, "Wazee wako waliuza watu kwa Wadachi." Wa pili akajibu, "Usimpime mtu wa kale kwa kipimo cha leo." Maneno haya mawili twayasikia mara nyingi, na kila moja laonekana kuwa kweli. Sisi tuliyachukua nyumbani tukayafikiri, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza na tuyapange mambo kama karani apangavyo barua katika faili, kila moja kwa tarehe yake, kabla ya kuandika shauri lo lote.

Kabla ya Wadachi kuja, mlima huu haukuwa nchi moja. Palikuwa na nchi nyingi ndogo zilizotengwa na makorongo, kila moja na mangi wake, na mangi alipigana na mangi. Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho walikuwa wakuu wenye nguvu. Waliteka ng'ombe na watu wa jirani zao, na baadhi ya watu hao waliuzwa kwa misafara ya pwani. Mwezi wa Februari 1891 von Wissmann alikuja na askari wake kumpiga Sina, na mashujaa wa Rindi wakaenda pamoja naye. Rindi alikufa mwaka huo huo, na mwanawe Meli, naye bado kijana, akaishika nchi. Mwezi wa Juni 1892 watu wa Meli waliwashinda Wadachi, na mkuu wao von Bülow akafa. Mwezi wa Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, na Moshi ikashindwa; na safari hiyo Marangu ndiyo iliyosimama upande wa Wadachi.

Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru. Kapteni Johannes wa boma la Moshi akaenda kuwaadhibu watu wa Meru na Arusha, na mashujaa wa mlima wetu wakafuatana naye kwa wingi, wakarudi na ng'ombe, na wanawake, na watoto. Kisha tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa shitaka la kupanga vita juu ya serikali. Miongoni mwao walikuwamo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Inasimuliwa na wengi ya kwamba maneno ya shitaka hilo yalipelekwa bomani na Marealle. Mwaka 1904 Marealle naye alilazimika kukimbia, akavuka mpaka kwenda kwa Waingereza.

Hayo ndiyo yaliyomo katika faili. Mtaona ya kwamba hakuna upande wa mlima uliotoka katika miaka hiyo na mikono mikavu. Mwaka 1891 Moshi ilimsaidia Mdachi kumpiga Kibosho. Mwaka 1893 Marangu ilimsaidia Mdachi kumpiga Moshi. Mwaka 1896 mlima ulimsaidia Mdachi kumpiga Mmeru. Na mwaka 1900 Mchagga na Mmeru wakanyongwa siku moja. Ndiyo maana wazee walisema, nyani haoni kundule.

Hapa hatuna budi kukiri jambo la nyumbani kwetu. Bibi yetu alitusimulia ya kwamba bibi yake yeye hakuzaliwa mlimani. Aliletwa kutoka Meru, msichana mdogo bado, wakati wa vita vya Johannes, na yule aliyemleta ndiye aliyemwoa baadaye. Alipewa kihamba, akazaa, akazeeka, akazikwa migombani kama mama wengine. Lakini asubuhi mawingu yalipofunguka upande wa machweo alikuwa akisimama nyuma ya nyumba na kuutazama mlima wa Meru, wala hakupenda mtu amwulize neno. Basi katika ukoo wetu imo damu ya mtekaji na damu ya mtekwa. Tukisema wazee wasihukumiwe, ni nani atakayemsemea msichana yule? Na tukisema wahukumiwe, twawahukumu wale waliotuzaa na kutupa ardhi tunayoilima.

Sasa na tulitazame neno la yule mwenzetu wa pili. Anenapo kwamba mtu wa kale asipimwe kwa kipimo cha leo, analo jambo la haki. Mtoto hulelewa katika nyumba asiyoichagua. Kijana wa miaka ile alifundishwa na baba yake kwamba kuteka ni ushujaa, na aliporudi na ng'ombe aliimbiwa. Hakusoma shule, hakuona ramani, hakujua kwamba Mdachi aliyemwita rafiki leo angemwita mwasi kesho. Sisi twajua mwisho wa hadithi, yeye hakuujua. Na kumcheka mtu kwa kutojua lililo mbele yake ni kujisifu bure. Nasi pia twakubali kwamba aliyezaliwa wakati wa amani ni rahisi kwake kuwa mwema.

Hata hivyo neno hilo lina shimo ndani yake. Husemwa, "Zamani zile halikuwa kosa." Basi twauliza, halikuwa kosa kwa nani? Nani aliyeulizwa? Yule msichana wa Meru naye alikuwa mtu wa zamani zile. Wakati ule haukuwa wakati wa mtekaji peke yake, ulikuwa wakati wake pia, na yeye alijua vema ya kwamba ametendewa uovu. Hakungoja sisi tuje tumfundishe. Kwa hiyo mara nyingi tunaposema "kipimo cha wakati ule" twataja kipimo cha mwenye mkuki tu, na yule aliyechomwa twamwacha nje ya hesabu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena, tukichungua habari zenyewe twaona ya kwamba mara nyingi kipimo kinachoitwa cha leo kilikuwako tangu zamani. Na tutoe mifano mitatu, yote ikihusu nchi yetu.

Mfano wa kwanza ni Carl Peters, ambaye Waswahili walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1891 aliwekwa kuwa mjumbe wa Kaisari katika Kilimanjaro, akajenga boma lake Marangu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na mwezi wa Januari 1892 akamnyonga msichana aliyeitwa Jagodja. Mwezi wa Machi 1896 mjumbe August Bebel alisimama katika Bunge la Berlin akayafichua mambo hayo mbele ya nchi nzima, na mwaka 1897 Peters akahukumiwa na baraza la nidhamu akaondolewa kazini. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1905 Kaisari alimrudishia cheo chake, na mwaka 1937, Peters akiwa amekwisha kufa, Hitler aliifuta hukumu. Basi waliomwona Peters kuwa mkosaji walikuwa watu wa zamani zake mwenyewe, na waliomsafisha ni wale waliokuja nyuma. Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba si kweli ya kuwa zamani zile hapakuwa na macho ya kuona. La pili, kwamba miaka ikipita haileti wema daima. Kipimo cha baadaye chaweza kuwa kibovu kuliko cha kwanza.

Mfano wa pili ni sheria. Mwezi wa Julai 1899 wajumbe wa mataifa makubwa, Wadachi wakiwamo, walipatana katika mji wa The Hague juu ya desturi za vita. Waliandika ya kwamba kupora ni marufuku, na kwamba watu wote wa nchi wasiadhibiwe kwa kosa la mmoja mmoja. Mwezi wa nane baadaye Meli na wenziwe walikuwa wamekwisha kunyongwa. Hatusemi ya kwamba mapatano hayo yalimfunga Johannes. Hayakuwa yameanza kutumika, tena yaliandikwa kwa vita baina ya mataifa yaliyotia sahihi tu, wala hakuna mangi aliyealikwa kutia sahihi. Twasema hivi tu, kwamba fikira zenyewe zilikuwa zimekwisha kufikiriwa na kuandikwa kwa wino. Kipimo kilikuwako kabatini. Kilikatazwa kutumiwa kwetu.

Mfano wa tatu watugusa sisi makarani zaidi, maana ni habari ya daftari. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliingia mji wa Moshi tarehe 13 Machi 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalikwenda kwa miguu ya wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake hesabu ya serikali yataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Na wale wa upande wa Wadachi hawakuhesabiwa sawasawa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kambi yao. Baada ya vita Halmashauri ya Makaburi ya Dola ya Uingereza ilijiwekea kanuni nzuri sana, ya kwamba wote waliokufa watakumbukwa sawa, mkubwa kwa mdogo, wa dini hii kwa wa dini ile. Kisha kanuni hiyo ilipofika Afrika ya Mashariki ilisimamishwa mlangoni. Mzungu alipata jiwe na jina lake. Mpagazi alipata sehemu yake katika sanamu la wote pamoja, kama lile la Askari lililofunuliwa Dar es Salaam mwaka 1927, lisilo na jina hata moja.

Mwezi wa Aprili 2021 Halmashauri hiyo yenyewe ilitoa taarifa ikakiri. Ilisema ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Mtu aweza kusema, "Mnawapima watu wa 1920 kwa kipimo cha 2021." Sivyo, mabwana. Twawapima kwa kanuni waliyoiandika wao wenyewe. Mpagazi alikuwa na namba, na palikuwa na daftari za kumwandikisha na kumlipa. Kalamu iliyoweza kuandika jina lake siku ya kumchukua ilichoka siku ya kumzika.

Kwa mifano hii tumepata maswali matatu, ambayo twaona yafaa kumwuliza kila mtu wa vita vya kale kabla ya kumsifu au kumlaumu.

Swali la kwanza: Je, palikuwako mtu wa zamani zake aliyesema hapana? Akiwako, basi hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halikuonekana.

Swali la pili: Je, alikitumia kipimo hicho kwa watu wake, akakinyima kwa wengine? Aliyelia alipotekewa dada yake, kisha akamteka dada wa mwenziwe, amejihukumu kwa machozi yake.

Swali la tatu: Je, alilificha tendo lake, au alilibadilisha jina? Mtu hafichi asichokionea haya. Akiandika "adhabu" mahali pa kupora, au "nidhamu" mahali pa kuua, yeye mwenyewe ametuonyesha ya kwamba alijua.

Lakini twaongeza neno moja, nalo twalichukua katika kazi yetu ya kila siku. Fedha zikipungua katika sanduku la ofisi, zimepungua. Hata kama mtunza fedha ni mgeni, hata kama hakufundishwa, hata kama mkubwa wake alimsukuma, upungufu lazima uandikwe katika kitabu, maana bila hivyo hesabu yote ni uongo. Swali la adhabu ni jingine, nalo hutazama alichojua na alichoweza. Vivyo hivyo na vita. Kosa ni la tendo, na kosa halipungui kwa kupita miaka. Lawama ni ya mtu, nayo hupimwa kwa kadiri ya nuru aliyokuwa nayo na nafasi aliyopewa. Wale wasemao "usihukumu" huogopa lawama, wakafuta na kosa pamoja. Na wale wasemao "hukumu" huona kosa, wakampachika mtu lawama yote, hata na wajukuu wake. Wote wawili wameharibu kitabu.

Kwa kipimo hiki tumemtazama mzee wetu aliyemleta msichana yule. Hakuficha, alirudi akiimba. Hatujasikia ya kwamba mtu yeyote alimkataza. Lakini swali la pili lamkamata, maana naye alikuwa na dada, na alipoona moshi upande wa nchi ya adui alikuwa wa kwanza kuwaficha jamaa zake katika mapango. Basi twaandika kosa, lawama twaipunguza, na ukoo wetu tumeanza kumtaja bibi yule kwa habari yake kamili, tusiseme tena "aliolewa kutoka Meru". Ni neno dogo, lakini lilikuwa neno la kuficha.

Twaweza sasa kurudi kwa Meli na Marealle. Marealle alikuwa mangi wa nchi isiyokuwa na nguvu kama za Moshi na Kibosho, na aliona ya kwamba asiyekuwa na mkono mrefu hana budi kushika mkono wa mwingine. Jambo hilo Rindi wa Moshi alikuwa amekwisha kulifanya kabla yake. Kwa hiyo mtu wa Moshi hawezi kuokota jiwe hilo bila kujiumiza. Lakini kama ni kweli, kama isimuliwavyo, ya kwamba maneno ya kuwanyongesha watu 19 yalitungwa, basi hilo halikuhitaji kungoja karne nyingine ili liwe uovu. Wachagga wa wakati ule walikuwa na viapo vya kumfichua mwongo na laana za kumfuata, na kwao kumsingizia mtu jambo la damu halikuwa ushujaa katika nchi yo yote ya mlima. Na hata hivyo, kamba ilikuwa mkononi mwa Johannes. Msema uongo hana boma. Mwenye boma ndiye aliyepaswa kuuliza. Twaona ya kwamba katika ugomvi wetu wa chai Mdachi hakutajwa hata mara moja. Tuligombana sisi kwa sisi, na aliyenyonga akaenda zake salama.

Yuko atakayesema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo ni njema, lakini haya hayajapita. Wazee husimulia ya kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ulaya, na mjukuu wake amekitafuta kwa miaka mingi. Mwezi wa Septemba 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza ya kwamba, kwa kuchungua chembe za urithi, wamepata jamaa walio hai Tanzania wa mafuvu yaliyokuwa katika maghala yao, na mojawapo ni la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa katika uchunguzi huo. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Mtu hawezi kuomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa kosa. Wao wenyewe wamelifungua faili; je, sisi tutalifunga?

Ndugu zetu, tumalize kwa habari yetu sisi tulioshika kalamu. Katika kila jambo tulilolitaja palikuwa na karani. Yuko aliyeandika hesabu ya ng'ombe wa Meru. Yuko aliyeandika majina ya wapagazi, na yuko aliyeambiwa, "Hayo ya waliokufa hayana haja." Hatuna habari kama alinung'unika au la. Labda alisema moyoni, "Nimeamriwa." Neno hilo twalijua, tumelisema sote. Na watakaokuja nyuma yetu watazifungua faili zetu, watazame ni nani tuliyemwandika na ni nani tuliyemwacha, ni mahali gani tuliandika jina laini juu ya jambo gumu. Hawataweza kutusamehe kwa kusema ya kwamba hatukujua, maana jioni hii tumeyasema. Tukitaka watupime kwa haki, na tuwapime wazee wetu kwa haki, tusiwapunguzie kosa wala kuwazidishia lawama.

Na kwa wenzetu wawili tuliowataja mwanzo. Mlimani kwetu aliyekosa huchukua jani la sale akaenda nalo kwa aliyemkosea, na ni vigumu kumkatalia aliyelishika. Ni desturi ya wazee wale wale tunaobishana juu yao. Basi hawakuwa watu wasiojua haki na msamaha. Lakini anayeleta sale hujua alilolikosa, na asiyetaja kosa lake, jani lake ni majani tu. Mwenzetu mmoja alimtukana mwenziwe kwa tendo la mtu aliyekufa zamani. Wa pili alikana tendo ili kuilinda heshima ya nyumba. Kila mmoja analo la kutaja. Sale imeota tele kandokando ya mipaka ya vihamba vyenu, na meza yenu ofisini ni moja.